Ugumu au Ukakamavu? Istilahi za Kushusha Kimo cha Gari

1. Utangulizi

Katika kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi, kosa la neno moja aghalabu huonekana kuwa kosa dogo, kwani hurekebishwa kwa kalamu. Mimi nami nilikuwa na dhana hiyo mpaka siku nilipoitwa katika gereji moja hapa Dar es Salaam kwenda kutazama springi iliyovunjika vipande viwili. Majuma machache kabla ya hapo nilikuwa nimewapelekea mafundi rasimu ya mwongozo wa kushusha magari, ili waisome na kunieleza mahali ambapo lugha yake haieleweki. Ndani yake nilikuwa nimeandika kwamba springi fupi sharti iwe ngumu zaidi kuliko springi ya awali.

Mwanagenzi mmoja aliisoma sentensi hiyo, akaitii. Alikata springi kwa msumeno, akaichoma kwa moto wa gesi hata ikawa nyekundu, kisha akaitumbukiza katika pipa la maji, kama afanyavyo mhunzi anapolitia jembe matiko. Gari lilipoteremshwa kutoka kwenye jeki, springi ilikatika kwa mlio mkubwa, na bodi likaangukia gurudumu. Kwa bahati njema, kijana alikuwa amekwisha kuutoa mkono wake.

Mzee mwenye gereji hakunigombeza. Nilipomwamkia aliitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniwekea vile vipande viwili mkononi. "Kijana huyu hakukosea kusoma," alisema. "Wewe umeandika ngumu, naye ameifanya ngumu."

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa makala haya. Madhumuni yake ni kueleza jinsi kimo cha gari kinavyoweza kushushwa kwa usalama kwa kutumia springi na nguzo zilizorekebishwa, na papo hapo kuzichambua istilahi ambazo kazi hiyo inazihitaji. Mambo haya mawili hayatenganiki. Fundi hufanya kazi kwa mikono, lakini mikono hiyo huongozwa na maneno.

2. Kushusha nini?

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Mafundi husema "kushusha gari." Neno hili linaeleweka, ila limebeba mizigo mingi. Magari hushushwa bandarini kutoka melini. Gari lililo juu ya jeki hushushwa chini. Dereva wa lori akiambiwa ashushe, hushusha mzigo. Na fundi akisema ameshusha injini, maana yake ameitoa mahali pake ili aifanyie matengenezo. Kwa hiyo katika maandishi ya ufundi napendekeza tuseme "kushusha kimo cha gari," na kipimo chenyewe tukiite "kimo cha kusimama," yaani umbali baina ya ardhi na mahali palipoteuliwa kwenye bodi, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Desturi ya kushusha magari ina historia ndefu nchini Marekani. Huko California, hususa miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, baada ya Vita Kuu ya Pili vijana walikuwa wakishusha magari yao kwa kukata springi au kwa kupakia mifuko ya mchanga nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya jimbo hilo ilitunga sheria ya kuzuia jambo hilo. Mwaka 1959 Ron Aguirre, kijana wa jimbo hilohilo, alilifunga gari lake aina ya Corvette pampu za haidroli, na hivyo akaweza kulishusha alipotaka na kuliinua mara aonapo askari. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka sitini. Ilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024.

Kwa mwanaistilahi, la kuzingatiwa hapa ni namna sheria ile ilivyoandikwa. Haikusema tu kwamba gari lisiwe "chini mno," kwa maana kila mtu angelipima neno "mno" kwa jicho lake. Ilisema kwamba hakuna sehemu ya gari lililorekebishwa, isipokuwa magurudumu, itakayokuwa karibu zaidi na barabara kuliko ukingo wa chini wa ringi. Askari angeweza kuinama na kuona. Mtu anaweza kuipenda sheria hiyo au kuichukia, lakini hawezi kusema kwamba haieleweki. Fasili njema ni ile inayopimika.

3. Springi: ugumu na ukakamavu

Kiswahili kina neno la zamani, kamani, litumikalo zaidi kwa saa na mashine ndogondogo. Katika gari neno lililoenea ni springi, na sioni sababu ya kulipinga. Springi tunayoizungumzia hapa ni ile ya mzunguko, yaani ufito wa chuma cha pua uliosokotwa kama nyoka aliyejiviringisha, na si ile ya bapa zilizopangwa tabaka kwa tabaka chini ya malori.

Springi ina sifa mbili ambazo lugha yetu ya kila siku huziita kwa jina moja la ugumu. Hapa ndipo nilipoteleza.

Sifa ya kwanza ni ya chuma chenyewe. Chuma cha springi hupashwa moto kiwandani kufikia karibu sentigredi 850 hadi 900, hupozwa ghafula, aghalabu katika mafuta, kisha hupashwa tena kwa moto wa wastani, kiasi cha sentigredi 400 hadi 500, ili kipungue ukavu wake na kipate unyumbufu. Hatua ya kwanza humfanya fundi apate chuma kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Hatua ya pili ndiyo inayokifanya kiweze kukunjwa mara milioni na kurudi. Wahunzi wetu wameujua ufundi wa namna hii tangu zamani, na ndiyo maana tuna neno "matiko." Sifa hii tuiite "ugumu wa chuma."

Sifa ya pili ni ya umbo la springi. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alitangaza mwaka 1678 kanuni kwamba springi hubonyea au kuvutika kwa kadiri ya nguvu inayoisukuma: nguvu ikizidi mara mbili, mbonyeo nao huzidi mara mbili. Nguvu inayohitajika ili kuibonyeza springi milimita moja hutegemea unene wa ufito, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ufito ukiwa mnene, nguvu hiyo hupanda. Mzunguko ukiwa mpana au mizunguko ikiwa mingi, hushuka. Sifa hii napendekeza iitwe "ukakamavu wa springi." Kitendo cha kukakamaa kinajulikana na kila msemaji: ni kukaza mwili usikunjike kwa urahisi. Hakina uhusiano na moto wala pipa la maji.

Tofauti hii inapokuwa wazi, makosa mengi ya gereji hujieleza yenyewe. Mwenye kukata springi huuongeza ukakamavu wake bila kuugusa ugumu wa chuma. Mwenye kuichoma kwa gesi huuharibu ugumu wa chuma bila kuubadili ukakamavu kwa kiasi cha maana. Springi hujilaza kwa sababu chuma kimepoteza matiko, na itaendelea kujilaza siku hadi siku, upande mmoja zaidi kuliko wa pili. Naye mwanagenzi wetu alitenda yote mawili, akaongeza na la tatu: alikirudishia chuma ugumu wa hatua ya kwanza bila hatua ya pili. Aliyemwagiza ni mimi.

4. Hesabu ya mzunguko mmoja

Baadhi ya mafundi huamini kwamba kukata mzunguko mmoja hakuna madhara, maadamu springi haikuchomwa. Natutazame mfano wa hesabu. Tuseme springi ina mizunguko 6 inayofanya kazi. Urefu wake ikiwa huru ni milimita 360. Na ukakamavu wake ni nyutoni 20 kwa milimita. Ikibebeshwa nyutoni 3,000, ambazo ni kama uzito wa kilo 300, itabonyea milimita 150 na kubaki na urefu wa milimita 210.

Sasa tukate mzunguko mmoja. Urefu huru utakuwa milimita 300. Ukakamavu utapanda kutoka 20 hadi 24, kwa kuwa unakwenda kinyume na idadi ya mizunguko. Mzigo uleule utaibonyeza milimita 125, na urefu utakaobaki ni milimita 175. Springi imepungua milimita 35 chini ya mzigo, na kama imesimama moja kwa moja juu ya gurudumu, gari nalo limeshuka kwa kiasi hichohicho.

Mpaka hapo mteja amefurahi. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayaonekani gari likiwa limesimama. La kwanza ni "mwendo wa kubonyea," yaani nafasi iliyobaki kabla springi haijafika kwenye mpira wa kuizuia, ambao napendekeza uitwe "kikomo." Ikiwa nafasi hiyo ilikuwa milimita 80, sasa ni milimita 45. Njia imepungua kwa zaidi ya mbili ya tano, hali ukakamavu umeongezeka kwa moja ya tano tu. Katika barabara zetu zenye matuta, gari hilo litagonga kikomo mara kwa mara, na kila linapogonga, pigo huenda moja kwa moja kwenye bodi.

Jambo la pili ni baya zaidi. Gurudumu linaponing'inia, ama juu ya jeki ama linapovuka shimo kwa kasi, nguzo hunyooka hadi mwisho wake. Tuseme nafasi baina ya vikalio viwili vya springi wakati huo ni milimita 310. Springi ya awali, yenye milimita 360, ilikuwa bado imebanwa milimita 50. Springi iliyokatwa ina milimita 300. Imelegea kwa milimita 10, haikushikwa na kitu, na inaweza kugeuka au kutoka katika kikalio chake. Gurudumu likirudi juu, springi haitakuwa mahali ilipotarajiwa.

Tena, ncha ya springi haikutengenezwa ovyo. Nyingine zimesagwa zikawa bapa, nyingine zimepunguzwa upana ili ziingie katika kikalio maalumu. Msumeno huiondoa ncha hiyo na kuacha kisiki chenye makali. Kwa sababu hizi zote, springi fupi salama ni ile iliyosokotwa kiwandani kwa ajili ya gari la namna hiyo: ina kimo kidogo, ukakamavu uliopimwa, ncha kamili, na urefu huru unaotosha kuibana hata gurudumu likining'inia. Springi za namna hii kwa magari ya barabarani aghalabu hushusha kimo baina ya milimita 25 na 50.

5. Shokomzoba na nguzo

Mafundi hutumia shokomzoba, na wengine shokapu. Wapo waliopendekeza tuliache neno hili la mkopo na badala yake tuseme "kifyonza mshtuko." Kwa mtazamo wangu, tafsiri hiyo ni ya kuogopwa. Kifaa hiki hakifyonzi mshtuko. Mshtuko wa tuta hupokewa na springi, ambayo huubana na kuuhifadhi, kisha huurudisha. Springi ikiachwa peke yake, gari litaendelea kurukaruka kama kitanda cha chaga mbovu. Shokomzoba ndiyo inayoutuliza mruko huo: ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite katika vitundu vyembamba, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto.

Neno geni likiwa na kosa ndani yake, msemaji wa Kiswahili halioni, kwa hiyo halimpotezi. Tukilitafsiri neno kwa neno, tunalitafsiri na kosa lake, na safari hii kosa linaeleweka na kila mtu. Fundi atakayeamini kwamba shokomzoba ndiyo inayobeba mshtuko atafunga shokomzoba nzito juu ya springi dhaifu, au ataiacha ya zamani chini ya springi mpya yenye ukakamavu mkubwa. Basi shokomzoba ibaki, na tukihitaji neno la kueleza kazi yake, tuseme "kutuliza."

Katika magari mengi madogo, yakiwamo mengi yatokayo Japani, shokomzoba ya mbele si shokomzoba tu. Imeungwa na kitovu cha gurudumu chini, imebeba kikalio cha springi ubavuni, na juu imeshikwa na bodi. Hivyo ndiyo inayolisimamisha gurudumu. Mpango huu ulibuniwa na mhandisi wa Marekani, Earle S. MacPherson, na miongoni mwa magari ya kwanza yaliyoueneza ni Ford Consul, lililoonyeshwa Uingereza mwaka 1950. Katika gereji zetu kifaa hiki kizima huitwa shokapu ya mbele, na mteja akiagiza shokapu hajui ataletewa kipande kipi. Nilifikiria "mhimili," lakini wanahisabati na wanajiografia wamekwisha kulichukua. Napendekeza "nguzo ya gurudumu," au "nguzo" tu pale ambapo hapana utata.

Kimo kikishushwa, nguzo ya awali hufanya kazi karibu na mwisho wake wa chini, na mwendo wake wa juu hubaki bila kutumika. Nguzo iliyorekebishwa huwa na ufito mfupi zaidi, kikalio kilichoteremshwa kidogo, na nguvu ya kutuliza inayolingana na ukakamavu wa springi mpya. Springi na nguzo ni mke na mume. Hawaozwi kwa kutenganishwa.

6. Mwinamo na mwelekeo

Bodi linaposhuka, mikono ya chini inayoshika magurudumu hubadili pembe, na magurudumu hayasimami tena kama zamani. Gurudumu la mbele lenye nguzo huegemea ndani upande wa juu. Kipimo cha kuegemea huku mafundi hukiita kwa neno la Kiingereza ambalo, likitamkwa Kiswahili, hugeuka kuwa "kamba." Tayari tuna kamba ya kufungia na kamba wa baharini, wa tatu hatumhitaji. Napendekeza "mwinamo wa gurudumu."

Kipimo cha pili ni jinsi magurudumu mawili yanavyotazama mbele: sambamba, kwa ndani au kwa nje. Tukiite "mwelekeo wa magurudumu." Mwanagenzi mmoja aliniambia kwamba magurudumu yanayotazamana yana makengeza, na nakiri kwamba sijapata neno la wazi kuliko hilo kwa kufundishia. Mwinamo uliozidi hula tairi upande wa ndani polepole. Mwelekeo ulioharibika hulila kwa majuma machache, na humchosha dereva kwa usukani usiotulia. Kwa hiyo kupima alaimenti baada ya kushusha kimo si hiari.

7. Utaratibu wa kazi

Kwa kutumia istilahi zilizoelezwa, maelekezo yaliyosahihishwa yamekuwa haya:

(a) Pima na kuandika kimo cha kusimama katika magurudumu yote manne kabla ya kufungua chochote.

(b) Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara mahali tambarare, uzuie magurudumu yaliyobaki chini. Usifanye kazi chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

(c) Toa nguzo nzima. Kabla ya kulegeza nati ya juu, ibane springi kwa kibanio chake, pande mbili kwa usawa. Springi ya mfano wetu ikibanwa milimita 100 husukuma kwa nguvu ya nyutoni 2,000, ambayo ni kama uzito wa kilo 200. Usisimame mbele ya ncha yake.

(d) Funga springi iliyotengenezwa fupi pamoja na nguzo inayolingana nayo, na kikomo cha urefu ulioagizwa na mtengenezaji. Badilisha pande zote mbili za ekseli kwa pamoja.

(e) Bushi za mpira za mikono zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake katika kimo kipya. Zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira utabaki umesokotwa daima na utachanika mapema.

(f) Magari mengine yana vali ya breki za nyuma inayoongozwa na kimo cha ekseli. Kimo kikishuka, vali hudhani gari limepakiwa, huzidisha breki za nyuma, na magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama ghafula. Irekebishwe kama mtengenezaji anavyoagiza.

(g) Hakikisha kwamba tairi haligusi bodi usukani ukikatwa hadi mwisho na springi ikibonyea, wala mabomba ya breki hayavutwi. Kisha pima mwinamo na mwelekeo wa magurudumu, na rekebisha taa za mbele.

8. Hitimisho

Istilahi zinazopendekezwa ni hizi:

Kimo cha kusimama: umbali wa bodi kutoka ardhini, gari likiwa limesimama mahali tambarare.
Ugumu wa chuma: sifa ya chuma kutokana na kutiwa matiko.
Ukakamavu wa springi: nguvu inayohitajika kuibonyeza springi milimita moja.
Mwendo wa kubonyea: nafasi iliyobaki kabla ya kufika kwenye kikomo.
Kikomo: mpira unaozuia springi isibonyee kupita kiasi.
Kikalio: sahani inayopokea ncha ya springi.
Kutuliza: kupunguza mruko wa springi kwa shokomzoba.
Nguzo ya gurudumu: shokomzoba inayolisimamisha gurudumu na kubeba springi.
Mwinamo wa gurudumu: kuegemea kwa gurudumu ndani au nje.
Mwelekeo wa magurudumu: jinsi magurudumu ya ekseli moja yanavyotazama mbele.

Nilirudi gereji na rasimu iliyosahihishwa. Pale palipoandikwa "iwe ngumu zaidi" sasa pameandikwa: "iwe na ukakamavu mkubwa zaidi, kama ulivyopimwa kiwandani, springi isichomwe wala kutiwa matiko." Mwanagenzi aliisoma kwa sauti, kisha akaulizwa na mzee wake angefanya nini. Akajibu, "Nitaagiza springi nyingine." Hiyo ndiyo maana tuliyoikusudia tangu mwanzo.

Kipande kimoja cha springi ile kipo juu ya meza yangu, na karatasi huzuiwa nacho zisipeperuke. Mafundi, walimu wa vyuo vya ufundi na wasomaji wengine wenye maneno bora kuliko haya, au wanaoyajua maneno yatumikayo katika gereji za sehemu nyingine, wanaombwa watuandikie. Neno halijasanifiwa mpaka limeshikwa na mkono utakaolitumia.